Neno «rasmi» na vibao vyetu vya njia ya Kipushi



Jumamosi mbili zimepita tangu tulipokutana kuchanga feza ya vijisanduku vipya vya masomo. Siku ile mudogo wetu mmoja wa informatika alisimama akasema maneno yaliyopigiwa makofi mingi: «Debian wametutupa. Mashini za maskini njo wanaanza nazo.» Mie sikupiga makofi. Watu wawili walinifuata inje kuniuliza juu ya nini, nikawajibu kwamba nitaandika. Njo haya. Ni marefu kidogo, mwenye mega chache ayahifadhi asome usiku.

Kwa wale wa sheria na wa uchumi, acha nieleze kwanza tunaongea juu ya kitu gani. Ndani ya vijisanduku vyetu vitatu, vile tulivyoweka kwenye masomo za njia ya Kipushi, kuko kibao kidogo kinachoitwa Raspberry Pi Zero W. Kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Kiko na prosesa moja, kumbukumbu ya megabaiti 512, na redio ya Wi-Fi. Umeme kinaokula ni kidogo sana, hata betri ya pikipiki iliyozeeka inakibeba usiku mzima delestaji ikija. Kilipotoka 2017 bei yake huko kilikotoka ilikuwa dola 10. Mpaka kufika Lubumbashi mie nililipa karibu mara tatu. Juu ya kibao tumeweka Debian, juu ya Debian tumeweka Kiwix, na ndani ya Kiwix kuko Wikipedia ya Kifaransa na ya Kiswahili. Mwanafunzi anashika telefone, anaingia kwenye Wi-Fi ya kijisanduku, anasoma bila kutumia mega hata moja. Kazi yote ni ile.

Debian ni distribisyo ya Linux. Ni watu wa kujitolea, wametawanyika dunia nzima, wanaochukua kerneli pamoja na makumi ya maelfu ya programu, wanazikompile, wanazipima, wanazifunga kuwa paketi, halafu wanaahidi kuziba tundu la usalama kila likionekana. Ahadi ile njo tunaita «rasmi». Na kila familia ya prosesa iko na ahadi yake, juu paketi iliyokompiliwa kwa prosesa ya Intel, ukiipeleka kwenye prosesa ya telefone, haielewi hata neno moja.

Sasa habari yenyewe. Tarehe 9 Agosti 2025 Debian walitoa toleo la 13, jina lake trixie. Katika maelezo ya toleo waliandika kwamba familia inayoitwa armel, ambayo njo yetu, haiko tena familia ya kawaida: hakuna programu ya kuisakinisha upya, na toleo hili ni la mwisho kwake. Mudogo wetu alisoma pale akafunga. Lakini kuko sentensi ingine pale pale. Inasema kwamba kerneli ya armel imebaki kwa vibao vya Raspberry Pi 1, Zero na Zero W peke yake. Maana yake ni kwamba mashini zingine za familia ile zimekwisha kuondolewa, na waliobaki ndani ya nyumba ni sisi. Kama huku ni kutupwa, basi tumetupwa nyuma ya wote. Kuko mtu, simjui, aliyekaa akatengeneza kerneli ile kwa ajili ya kibao cha dola 10 katika mwaka wa 2025. Yule hakupata makofi katika mkutano wetu.

Najua familia hizi zinachanganya, mie mwenyewe nilianguka ndani. Mwisho wa 2021 nilichukua kadi ya kwanza, nikaweka Debian ya familia ya armhf, kwa kuwa nilisoma kwamba armhf ni mpya na ni ya haraka. Kibao kikakataa kabisa kuwaka. Taa ikawaka mara moja ikazimika. Nikadhani betri. Nikabadilisha betri, nikabadilisha kadi, nikamlaumu hata muuzaji wa kadi, Mungu anisamehe. Siku ya tatu nikakopa kamba ya skrini, nikaona mashini inalalamika kwamba imepewa amri isiyoijua. Kosa lilikuwa langu paka mimi.

Juu ya nini? ARM ya biti 32 katika Debian ilikuwa na milango miwili. Armel ni ya prosesa za zamani, na hesabu za desimali inazifanya kwa programu, polepole, hata kama prosesa iko na kifaa cha kuzifanya haraka. Armhf inatumia kifaa kile, lakini inadai prosesa ya kizazi cha 7, yaani ARMv7. Kibao chetu ni cha kizazi cha 6, na kifaa cha hesabu kiko nacho. Kwa hiyo hakiruhusiwi kwenye mlango mupya, na kwenye mlango wa zamani kinaingia kwa kuacha mali yake inje.

Jambo hili halikuanza na sisi. Raspberry Pi ya kwanza ilitoka tarehe 29 Februari 2012, na prosesa yake ilikuwa ile ile ya kizazi cha 6. Debian hawakuwa na mlango wa saizi yake. Watu wawili, Mike Thompson na Peter Green, hawakungojea mlango ufunguliwe: walichukua Debian nzima wakaikompile upya kwa ajili ya kizazi cha 6, paketi zaidi ya 35,000, wakamaliza mara ya kwanza Juni 2012. Wakaiita Raspbian. Haikuwa rasmi ya Debian, lakini mamilioni ya watu waliitumia bila kujua kwamba ni kazi iliyoanza na watu wawili. Mpaka leo ile ya biti 32 inayotolewa na wenye vibao, ambayo tangu 2020 inaitwa Raspberry Pi OS, inatoka kwenye mti ule. (Mtauliza juu ya nini sikuitumia tangu mwanzo. Kiburi. Nilifundishwa Debian, nilitaka Debian.)

Bon. Mudogo wetu anasema Debian wanapenda matajiri. Badala ya kubishana naye kwa hasira, nilitafuta masharti yao, nikayasoma vile profesa anavyosoma memuari ya finalisti, na kalamu nyekundu mkononi. Maandishi yaliyo wazi kuliko yote ni ya Machi 2005, yaliyotoka katika mkutano wa Vancouver, huko Kanada, na yaliyotangazwa na marehemu Steve Langasek, mmoja wa waliosimamia matoleo wakati ule. Debian walikuwa wamebeba familia 11 za prosesa na toleo lao lilikuwa linachelewa mwaka juu ya mwaka. Pendekezo lilikuwa kali: kwa toleo lenye kufuata, familia zipunguzwe mpaka karibu 4 tu.

Na familia ingine ikitaka kuingia katika toleo rasmi, ifanye nini? Iwe na mashini za kukompile zenye kutosha, na zile zinazohitajika zisizidi mbili, pamoja na moja ya akiba. Iwe imefaulu kukompile asilimia 98 ya paketi. Iwe na programu ya kusakinisha inayofanya kazi. Watu wa usalama wakubali kuibeba. Na mashini yake iwe inapatikana kununuliwa mpya. Hata kwa kukaa kwenye daraja la chini tu, inje ya toleo rasmi, watengenezaji 5 wa Debian waweke sahihi, na ionyeshwe kwamba iko na watumiaji wasiopunguka 50.

Makelele yalikuwa makubwa, na pendekezo halikutekelezwa vile lilivyoandikwa. Toleo lililofuata, la Aprili 2007, lilitoka na familia 11 tena. Lakini roho ya maandishi ilibaki, na kila anayetaka kuingiza mashini isiyojulikana katika distribisyo kubwa atakutana nayo kwa sura moja ao ingine. Njo maana nayachambua.

Ukiyaangalia vizuri, masharti haya yako na roho mbili ndani ya mwili mmoja. Ya kwanza ni roho ya kazi: mashini za kukompile, asilimia 98, sahihi tano, watu wa usalama. Hapa sina neno. Katika Debian paketi mpya haitoki kwenye chumba cha majaribio kuingia katika toleo linalotayarishwa kama haijakompilika kwa familia zote rasmi zinazoihusu. Familia moja ikichelewa, inachelewesha nyumba nzima. Mtu wa Brazil mwenye mashini ya jana anangojea, juu prosesa ya 1994 haijamaliza kukompile. Kusema «leteni mikono kwanza» si dharau, ni hesabu.

Roho ya pili ni ya soko. Mashini ipatikane mpya. Watumiaji 50 waonyeshwe. Hapa njo nachukua kalamu nyekundu.

Sharti la «mpya» liko na sababu, nakubali: mashini ya kukompile ikikufa, utapata wapi ingine? Lakini sababu ile imekwisha kujibiwa na mashini ya akiba. Kile kinachobaki katika sharti ni kupima fasi mashini inapozaliwa, si fasi inapoishi. Na mashini haiishi dukani. Ordinatere inauzwa mpya kule miaka mitatu, minne, halafu inapakiwa kwenye kontena, inafika kwetu, na hapa inaanza maisha ya pili ambayo mara mingi ni marefu kuliko ya kwanza. Nani hapa alianza na mashini mpya? Mie memuari yangu niliiandika kwenye ordinatere iliyokuwa na kibandiko cha mali ya ofisi fulani ya Ubelgiji. Siku sharti la «mpya» linapoanza kutufaa, kontena bado halijafika.

Halafu watumiaji 50. Nilipofika pale nilicheka. Masomo moja tu ya Kipushi inapitisha wale 50 kabla ya saa nne. Lakini neno lenyewe ni kuonyesha, na kuonyesha njo shida. Debian iko na programu ndogo inayoitwa popularity-contest: ukikubali, mashini yako inatuma kila wiki orodha ya paketi ilizo nazo, pamoja na familia ya prosesa. Ukikubali, na ukiwa na koneksyo. Kijisanduku chetu kiliwekwa pale juu koneksyo hakuna! Kwa hiyo wanafunzi mia tatu wanaosoma kwenye kibao kimoja, katika hesabu ile wanakuwa sifuri. Hata siku koneksyo ikija, watakuwa mmoja. Mashini inayosaidia zaidi njo inayohesabiwa kidogo.

Mpaka hapa ni kama nampa mudogo wetu haki. Ningependa tusimame pale, tungepiga makofi wote. Lakini kuko jambo linaloharibu hotuba yake, na linaharibu pia lile nililosema sasa hivi: idadi ya mashini, kwa kweli, haijawahi kuamua kitu.

Angalieni. Kufikia mwisho wa 2013 Raspberry Pi zilizouzwa zilipita milioni 2, na zote zilikuwa za kizazi cha 6. Milioni 2! Mlango wa Debian wa saizi yao haukufunguliwa hata hivyo. Upande mwingine, 2018 familia ya RISC-V ilianza kukompiliwa kwenye daraja lile la inje, linaloitwa Debian Ports. Mwaka ule kibao cha RISC-V cha kuweza kubeba Linux vizuri, HiFive Unleashed, kiliuzwa dola 999, na wenye nacho walikuwa wachache. Lakini walikuwako watu waliokaa juu ya paketi moja moja, wakituma marekebisho, miaka mitano. Julai 2023 ikawa familia rasmi, na trixie njo toleo la kwanza lililoibeba. Toleo lile lile linaloaga armel. Kibao cha dola 999 kiliingia, kibao cha dola 10 kinatoka, na anayeona hapa tajiri na maskini tu ameona nusu. Nusu ingine ni nani alikuwa anafanya kazi usiku.

Ushahidi wa upande ule mwingine ni m68k, prosesa za Amiga, za Atari na za Macintosh za zamani. Ilikuwa familia ya kwanza kuungana na ile ya Intel, katika Debian 2.0 ya Julai 1998. Ilitolewa kabla ya toleo la 2007, juu ilikuwa polepole mno. Wenye nayo hawakuwa na soko, hawakuwa na kampuni nyuma yao. Waliendelea kukompile kwenye Ports, hata kwa kutumia programu inayoiga Atari ndani ya mashini ya kisasa ili kazi iende haraka. Mpaka 2025 bado wako pale. Nani anatumia Amiga leo kwa kazi ya lazima? Hakuna. Sisi tuko na wanafunzi, wao wako na mapenzi, na wao njo wamedumu.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya maandishi ya Vancouver: yangefuta masharti ya soko yakabakiza ya kazi, yangekuwa makali vile vile, lakini yangesema kweli. Sharti la watumiaji 50 linamfanya mtu wa mbali aamini kwamba shida ni kuhesabiwa, na akikosa kuhesabiwa anakasirika, na hasira ile inamtosha. Anarudi nyumbani akiwa ameonewa. Mudogo wetu ameanguka katika mtego ule, na mie nilikaa ndani yake miaka mine.

Hapa nafika kwenye jambo langu. Niko na daftari la jalada la bluu. Tangu mwisho wa 2021 nimeandika ndani kila kitu juu ya vibao vitatu: siku niliyoweka toleo la 11, siku nilipopandisha mpaka la 12, kerneli ipi, saa ngapi ilichukua. Niliandika vile kibao kisichokuwa na saa yake kinavyorudi nyuma kila umeme ukikatika, na vile paketi ya fake-hwclock ilivyotengeneza ile. Ni kurasa kumi na nane hivi. Debian wako na sanduku la kupokea ripoti za usakinishaji, na wanaomba zile za kufaulu sawa na zile za kushindwa, juu bila ripoti hawajui kama mashini fulani iko hai ao imekufa. Kutuma hakuna malipo. Ni barua tu. Mie nimetuma ngapi? Hakuna. Mashini ikienda vizuri, nani anaandika barua? Nilifunga daftari, nikaenda kula. Na nilipokuwa naandika ule mstari wa wanafunzi kuwa sifuri, nilikuwa nimekaa juu ya daftari.

Sisemi kwamba kurasa zangu kumi na nane zingeokoa armel. Hazingeokoa. Kukompile programu kubwa za leo kwa familia ile ya biti 32 kumekuwa mateso, na ripoti haikompile kitu. Lakini tusingekuwa na haki ya kushangaa.

Sasa feza. Mie napendekeza tusinunue tena Zero W hata kama kuko anayetupa bei nzuri. Zero 2 W, iliyotoka Oktoba 2021 kwa dola 15 huko kwao, ni saizi ile ile, inaingia katika kijisanduku kile kile, na prosesa yake ni ya biti 64: inaingia kwa mlango wa arm64, ambao Debian wanaushika kwa mikono miwili. Inakula umeme zaidi kidogo. Tutapima na betri tulizo nazo kabla ya kulipa. Vile vitatu vya zamani vibaki vinafanya kazi. Programu ya kusakinisha haiko tena, lakini sisi hatusakinishi upya, tunapandisha kutoka toleo la 12, na paketi ziko. Toleo moja kwa kawaida linatunzwa na Debian miaka mitatu, na ikipita pale tutaangalia Raspberry Pi OS ya biti 32, kama bado itakuwa inakubali kizazi cha 6. Kiburi changu kimekwisha kupona.

Jumamosi yenye kuja naenda Kipushi kupandisha kibao cha kwanza mpaka trixie. Paketi nimezipakua tayari, ziko kwenye diski. Siku ile ile nataka tuandike ripoti ya kwanza na kuituma jioni tukirudi mjini. Ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kinatosha kwa majina ya paketi tu. Kama kuko mtu wa idara ya Kiingereza asiyekuwa na ndoa ya kuhudhuria siku ile, tunaondoka saa moja asubuhi mbele ya Posta. Mudogo wetu wa hotuba amekwisha kukubali kuja, atabeba betri. Ndani ya gari kumebaki kiti kimoja.